Mama Nukta na Azimio la Chini

Jina la Mama Nukta hakupewa na wazazi wake wala na mumewe. Alilipata kwa sababu ya kadi ya harusi. Mwaka wake wa kwanza pale kwenye kiwanda cha uchapaji, kadi zilikuwa zimeshapangwa, mtambo umeshapakwa mafuta, na bwana harusi ameshapita mara mbili kuulizia. Ndipo yeye akasimama mlangoni na karatasi mkononi, akasema mtambo usiwashwe, kuna i moja haina nukta.

Watu wakacheka. Fundi mitambo akamuuliza kama ndoa itavunjika kwa nukta.

"Ndoa haitavunjika," akasema, "lakini kadi hii itakaa kabatini kwao miaka arobaini, na kila atakayeishika ataiona."

Nukta ikawekwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita jina jingine, hata meneja akimtuma mtu humwambia, "Mpelekee Mama Nukta aitazame."

Kazi yake ilikuwa kusahihisha. Kila kitu kilichotaka kuchapwa, kiwe kitabu, fomu, kalenda au tangazo la mkutano, kilipita kwanza mezani kwake. Alikuwa na rula ya mbao na penseli nyekundu, na alikuwa na namna yake ya kusoma: alianza mstari wa mwisho wa ukurasa akapanda nao kwenda juu. Alisema ukianzia juu, habari inakushika mkono, unatembea nayo kama mtu anayesindikizwa, na huoni mashimo ya njiani. Ukianzia chini hakuna habari. Kuna maneno tu, moja moja, kila moja limesimama peke yake na nguo zake.

Jengo lao lilikuwa la ghorofa tatu nyembamba. Chini kabisa palikuwa na mitambo, harufu ya wino na lile joto lake. Kati walikaa yeye na mpangaji wa kurasa. Juu alikuwa meneja na karani wake. Kwa hiyo watu wa pale hawakuwa na haja ya vyeo katika mazungumzo yao. Walisema tu, "Chini wamekataa," au "Juu wamesema kesho," au "Sisi wa kati tunasubiri," na kila mtu akaelewa. Kila Jumatatu walikutana wote, yakaamuliwa mambo, na karani akayaandika katika daftari gumu la bluu lenye neno Maazimio kwenye jalada.

Kiti alichokalia alikirithi kwa mzee mmoja aliyemfundisha kazi. Mzee yule alikuwa na jicho kali, lakini macho yake yalipoanza kuchoka hakumwambia mtu. Alisoma kwa mazoea na kwa kukisia, akaendelea hivyo karibu mwaka mzima, mpaka ikatoka kalenda yenye Jumanne mbili katika wiki moja. Hakuna aliyemgombeza. Walimhamishia stoo kwa heshima zote, awe anapanga marobota ya karatasi. Mama Nukta alikuwa akimpelekea chai kule, naye alikuwa akimkuta ameelekeza sikio ukutani, anausikiliza mtambo.

"Leo wanachapa nini?" alikuwa akiuliza.

"Fomu za shule, mzee."

"Nani ameisoma?"

"Mimi."

"Haya," alikuwa akisema, na chai ikimpoa mkononi.

Ndiyo maana Mama Nukta alikuwa akijua wazi, bila kuambiwa na mtu, jambo moja tu linaloweza kumtoa kwenye kile kiti.

Basi ikawa mwaka wake wa ishirini na sita pale, printa iliyokuwa ikitoa nakala zake za kusahihishia ikafa. Fundi akaifungua, akatikisa kichwa, akasema vipuri vyake havitengenezwi tena. Jumatatu ikaazimiwa kwamba kuanzia sasa kurasa zitasomwa kwenye kompyuta, kwa programu ya kuchungulia kurasa kabla hazijachapwa. Fundi wa kompyuta akaja na mashine iliyokuwa imekaa juu bila kazi, akaipangusa, akaiweka mezani kwa Mama Nukta, na kwa kuwa meneja alisema mama apewe lugha yake, akaiweka programu nzima kwa Kiswahili.

"Hapa unafungua, mama. Hapa ukurasa unaofuata. Hapa unakuza. Mengine yote nimeshayaweka, usihangaike nayo."

Akashukuru, naye fundi akaenda zake.

Kazi kubwa ya kwanza kusomwa kwenye kioo kile ilikuwa kitabu cha kusomea cha watoto wa darasa la pili. Kilikuwa kitabu kizuri, kina ng'ombe anayelamba chumvi, kina babu anayeng'oa magugu, kina nyota zinazong'ara na sufuria zinazong'aa. Mama Nukta alianza mstari wa mwisho kama kawaida yake. Alipofika nusu ya ukurasa akasimama. Kile kikoma kidogo kinachoning'inia juu, ambacho wasahihishaji hukiita ritifaa, hakikuwapo. Ng'ombe alikuwa ngombe. Akageuza ukurasa. Babu alikuwa anangoa. Akachukua karatasi na penseli nyekundu, akaanza kuandika: ukurasa wa tatu mstari wa pili, ritifaa haipo, ukurasa wa nne mstari wa sita, ritifaa haipo. Alipomaliza zilikuwa arobaini na moja.

Mpangaji wa kurasa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto wawili, anayetumia mkono wa kushoto kwa kila jambo, na kwa hiyo walimwita Shoto. Alichukua ile karatasi, akakaa nayo mezani kwake muda. Kisha akarudi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba ya pili leo. Umeshanisalimia asubuhi, kwa hiyo una neno."

"Sina neno kubwa. Ni hizi alama."

"Zimefanya nini?"

"Umeandika hazipo."

"Hazipo."

"Mama," Shoto akasema taratibu, kama anayemwamsha mtu, "mbona kwangu zipo?"

Wakaenda wote wawili kwenye kompyuta ya Shoto. Zilikuwapo. Kila ng'ombe alikuwa na yake, nyeusi, safi. Wakarudi kwa Mama Nukta. Yeye hakuona kitu. Shoto akainama, akakunja uso, akasema, "Kwa mbali naziona." Hakusema uongo. Mtu aliyetoka kuona kitu sasa hivi, akili humjazia penye pengo.

Lakini Mama Nukta alisikia jambo jingine kabisa. Alisikia kwamba mwenzake anaona na yeye haoni.

"Basi futa hayo niliyoandika," akasema. "Nilikuwa nimechoka."

Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kusema amechoka.

Wiki tatu zilizofuata aliishi kama mtu aliyeficha kitu chini ya mkeka. Alifika kazini mapema jua likiwa linaingia dirishani. Aliosha miwani kwa sabuni. Alikifuta kioo cha kompyuta kwa kitambaa laini, kisha kwa kitambaa chenye maji, kisha kwa pindo la kanga. Alijaribu kukuza ukurasa. Herufi zikawa kubwa, lakini zikavimba tu kama uso wa mtu aliyetoka usingizini, kingo zake zimechakaa, i imemeza nukta yake na kugeuka l. Yeye, Mama Nukta, alikuwa haoni nukta. Neno kulia na lile kulla la vitabu vya kale yalimtazama kwa sura moja.

Fundi mitambo, ambaye ndiye aliyemcheka siku ya kadi na sasa alikuwa na mvi kama yeye, alipita na kikombe chake cha chai akamwona anasugua.

"Shemeji, kioo hicho utakitoboa. Hata sufuria za kwangu hazisuguliwi hivyo."

"Za kwako hazisuguliwi kabisa, mkeo ameniambia."

"Mke wangu anasema mengi. Unatafuta nini humo?"

"Natafuta mahali pa kukuandika jina lako, likosewe."

Akacheka akashuka zake. Mama Nukta naye akacheka, lakini alipobaki peke yake mkono wake ulikuwa bado umeshika kitambaa.

Katika wiki hizo tatu alipitisha kazi mbili. Moja ilikuwa kijitabu cha kanuni za maktaba, nyingine fomu ya kujiunga na chuo cha ufundi. Alizisoma kama alivyojua mzee wake alivyokuwa akisoma mwisho mwisho: kwa mazoea. Aliona mwanzo wa neno na mwisho wake, katikati akajaza mwenyewe. Kila alipotia sahihi alihisi amemkanyaga mtu.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mpole mwenye tabia ya kunyamaza. Alikuwa na cherehani mbili barazani, na jioni mkewe akitoka kazini alikuwa akikaa naye huku anashona vifungo. Jioni moja mumewe akampa sindano.

"Mama watoto, nitungie."

Akaitunga mara moja, wala hakulowesha uzi.

Mumewe akaipokea, akaitazama, akashona pindo zima ndipo akasema, "Huo ni uzi wa hariri."

"Nimeuona."

"Ndicho ninachokisema. Umeuona."

"Uzi ni uzi, baba watoto. Herufi ni kitu kingine."

"Macho yako mangapi? Haya ya uzi ni mengine na ya herufi mengine?"

"Wewe shona."

"Nashona. Lakini nenda kapimwe."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Kesho."

Ile kesho ilikuwa imeshasemwa mara nne. Hakuogopa daktari. Aliogopa karatasi ambayo daktari angeiandika, kwa sababu karatasi hiyo ingepanda ngazi mpaka juu.

Siku ya Alhamisi kitabu cha watoto kikarudi kwa mara ya mwisho. Shoto akakifungua kwenye kompyuta ya Mama Nukta, akaweka pembeni fomu ya sahihi. Ikisainiwa ile, Ijumaa watu wa chini wanaanza. Vitabu vile vingekwenda kwenye madarasa, na mtoto wa miaka minane angeweka kidole kwenye neno na kuliamini. Mtoto hana njia nyingine. Akikuta ngombe atakuwa na ngombe maisha yake yote, mpaka apate mtu wa kumcheka.

Mama Nukta akakaa na kalamu mkononi kuanzia saa mbili mpaka saa nne. Hakusaini. Kisha akaiweka kalamu, akavuta kibao cha herufi, akaanza kuandika barua. Hakuwa na mazoea ya kuandika kwenye ile mashine, yeye mwenyewe alikuwa msomaji tu, na maelezo yake yote yalikuwa ya penseli nyekundu kwenye karatasi. Kwa hiyo aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, na barua ikawa fupi.

Kwa Meneja. Naomba kung'atuka katika kiti cha usahihishaji, kwa kuwa macho yangu hayaaminiki tena kwa kazi hii. Kitabu cha darasa la pili sijakisaini. Tafadhali kisomwe na mtu mwingine.

Akaihifadhi. Lakini hakuwa mtu wa kupeleka juu karatasi isiyosomwa, hata iwe ya kujiondoa mwenyewe. Akaifungua katika programu ya kuchungulia, akaanza mstari wa mwisho. Akapanda. Alipofika juu akakuta: Naomba kungatuka.

Akaketi akaitazama. Hata barua ya kuondoka ameikosea. Ilimuuma, lakini pia ilimchekesha kidogo, ile aibu ya kwenda kuomba radhi na kujikwaa mlangoni. Akarudi kwenye ukurasa aliokuwa akiandikia ili aitie ritifaa.

Ritifaa ilikuwapo.

Ilikuwa pale pale, kati ya g na a, nyeusi kama chembe ya ufuta. Akarudi kwenye programu ya kuchungulia. Hakuna. Akarudi kwenye kuandikia. Ipo. Alikwenda na kurudi hivyo mara sita au saba, miwani ile ile, kiti kile kile, dakika ile ile. Kisha akajiambia, usijidanganye, pale unaiona kwa kuwa umeiandika kwa kidole chako, kama Shoto alivyoziona zake. Akavua miwani, akaivaa, akashuka ngazi.

Chini fundi mitambo alikuwa anafuta rola kwa tambara.

"Shemeji, niazime kile kioo chako cha kuhesabia vitone."

Fundi akaacha kufuta. Kioo kile, kidogo kama kizibo cha chupa, kilikaa mfukoni mwake siku zote. Ndicho alichokitumia kutazama kama wino umekaa vizuri juu ya karatasi, na kila mtu alijua hakiazimishwi.

"Cha kazi gani?"

"Cha kutazamia."

"Hilo nimelijua, sikudhani unakwenda kunywea chai. Kinatazama nini?"

"Uniazime ndipo nikwambie, au nikwambie ndipo unikatalie?"

"Kikienda na mimi nakwenda," akasema, akafuta mikono kwenye suruali, akamfuata.

Walipopanda kule kati, Mama Nukta alikibandika kile kioo kwenye kompyuta, juu ya neno lenyewe. Aliona n, au kitu kama n, kilichojengwa kwa viraba vya kijivu, vikubwa, kama matofali yaliyopangwa na mtu mwenye haraka. Akaona g, tumbo lake limejaa ukungu. Baada ya g palikuwa na weupe. Akanyanyua kichwa, akampisha fundi.

"Tazama wewe. Usiambiwe neno ni nini. Niambie kuna nini baada ya hiyo g."

Fundi akainama. Alikaa hivyo muda, jicho moja limefungwa, mdomo umebinuka.

"Hakuna kitu."

"Hakuna alama juu?"

"Shemeji, hakuna kitu. Herufi zenyewe hizi sijui ni herufi. Nikichapa kazi kama hii utanifukuza."

"Tazama tena."

"Nimetazama."

"Tazama tena, nakuomba."

Akatazama tena. "Hakuna," akasema, sasa bila utani, kwa sababu alisikia sauti ya mwenzake ilivyobadilika. "Haimo humo. Si kwamba haionekani. Haimo."

Mama Nukta akavuta kiti akakaa. Fundi akauliza kama aletewe maji, akajibiwa hapana, akasimama tu pale na kioo chake kiganjani, na Shoto naye, aliyekuwa akisikiliza toka mezani kwake, akaja.

"Kuna nini?"

"Kompyuta hii haina macho," akasema Mama Nukta. "Mimi ninayo."

Akawaeleza yote: zile arobaini na moja, kuchoka ambako hakukuwa kuchoka, kufuta kioo, barua. Shoto aliposikia barua akashika kichwa. Kisha akavuta kiti, akakishika kipanya cha ile mashine kwa mkono wake wa kushoto, akaanza kutafuta. Lakini yeye programu yake alikuwa nayo kwa Kiingereza, na hii ya Kiswahili ilimpoteza kama mtu aliyeingia nyumba yake akakuta vyumba vimehamishwa.

"Mama, hapa panaitwa Mapendeleo. Ndiyo nini?"

"Usiniulize mimi, sikuyapendelea."

Akafungua. Akashuka na orodha, akasoma kwa sauti ndogo. "Lugha. Rangi ya kando. Azimio la Onyesho." Akasimama. "Azimio la Onyesho: Juu, Kati, Chini. Imewekwa Chini." Akamgeukia. "Mama, hii hukuiona?"

"Niliiona siku ya kwanza. Mimi nasoma kila kitu."

"Ukaiacha?"

"Sasa niiguse kwa cheo gani? Azimio ni la Jumatatu. Nikaona juu, kati, chini, na alama imekaa chini. Nikajua wamekubaliana huko kwamba kurasa hizi neno la mwisho ni la watu wa mitambo. Sisi wa kati hatukuulizwa, nikaona nisijitie."

Shoto akamtazama, kisha akaitazama orodha, kisha akaanza kucheka taratibu, bila sauti, mabega yakitikisika, mpaka akalazimika kushika meza.

"Si azimio la mkutano," akasema alipoweza. "Ni wingi wa vitone. Kadiri vitone vinavyokuwa vingi, herufi inachorwa vizuri. Kwa Kiingereza neno la uamuzi wa mkutano na neno la ukali wa picha ni moja. Aliyetafsiri akachukua la mkutano."

"Na chini?"

"Chini ni vitone vichache, ukurasa ufunguke haraka. Fundi ameona mashine ni ya zamani, hakutaka usubiri."

"Nimesubiri wiki tatu," akasema Mama Nukta.

Fundi mitambo alikuwa bado anafikiri. "Kwa hiyo chini hapo si sisi."

"Si ninyi, kaka."

"Nilijua. Lini watu wa chini wamewahi kuulizwa kitu."

Hapo Mama Nukta mwenyewe akacheka, akacheka mpaka miwani ikapata ukungu, akaivua akaifuta. Shoto akabonyeza Juu. Chini yake palikuwa na mstari mwingine, Lainisha Kingo za Herufi, nao uliwekwa Hapana. Akaubadili ukawa Ndiyo. Mashine ikanguruma kama inainuliwa kutoka kitandani. Ukurasa ukawa mweupe mtupu, ukakaa hivyo kitambo, kisha herufi zikaanza kuja, mstari baada ya mstari, nyembamba, zimesimama, matumbo yake wazi, na kila i na nukta yake kichwani. Naomba kung'atuka, ikasema barua, bila kosa hata moja.

Hakusaini kitabu hapo hapo. Alipanda kwanza ngazi kwenda juu.

Meneja alimsikiliza hadi mwisho. Mama Nukta alimweleza kwamba kazi mbili zimetoka mezani kwake bila kusomwa vizuri, kanuni za maktaba ambazo hazijapanda mtamboni, na fomu za chuo ambazo zimeshachapwa. Alisema anataka kuzisoma zote upya kabla ya jambo jingine lolote, na zile fomu zikiwa na kosa, liandikwe kwa jina lake.

"Kwa nini hukusema mapema?" meneja akauliza.

"Nilidhani ni macho."

"Na kama yangekuwa macho?"

"Ndiyo hiyo barua. Nilikuwa naileta leo."

"Iko wapi?"

"Bado iko kwenye mashine."

Meneja akageuza kalamu yake juu ya meza. "Ina makosa?"

"Haina."

"Basi ifute ikiwa safi hivyo hivyo. Na uende ukapimwe macho, mama, si kwa ajili yangu. Mimi sitaki hiyo karatasi ya daktari. Kaa nayo wewe."

Alizisoma fomu za chuo mchana ule ule, na zilikuwa nzima. Kanuni za maktaba zilikuwa na koma mbili mahali pa moja, akaitoa ya pili. Alipomaliza alihisi njaa ya kweli, akala chakula chake chote na kipande cha muhogo cha Shoto.

Ndipo akakifungua kitabu cha watoto, mstari wa mwisho, akapanda. Mashine ilisubirisha kila ukurasa, naye aliutumia muda huo kunyoosha vidole. Ng'ombe alikuwa ng'ombe. Babu alikuwa anang'oa. Nyota zilikuwa zinang'ara, zote, na aliweka vema moja ndogo pembeni ya kila ritifaa kwenye ile karatasi yake ya zamani, ukurasa wa tatu, wa nne, wa sita. Alikuwa anapiga mluzi mdogo kwa meno, jambo ambalo Shoto hakuwahi kulisikia kwake.

Ukurasa wa kumi na tisa mluzi ukakatika.

"Shoto, mwanangu."

"Abee, mama."

"Kumi na tisa, mstari wa tano. Paka na kamba. Ritifaa haipo."

Shoto alikuwa ameshasimama kabla hajajua kwa nini, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeogopa kusikia jambo mara ya pili. Akaurudia ukurasa kwenye kompyuta yake mwenyewe.

"Mama, ipo. Naiona. Paka ameng'ang..."

Akasogeza uso karibu. Neno hilo linataka mbili, moja mwanzo na moja katikati. Ya mwanzo ilikuwapo. Paka wa kitabu alikuwa ameng'angania kamba, na alikuwa ameing'ang'ania hivyo hivyo, nusu, mbele ya mwandishi, mwalimu aliyekipitia, na Shoto mwenyewe mara tatu.

"Haipo," akasema Shoto.

"Haipo," akasema Mama Nukta kwa raha.

Akaichonga penseli nyekundu, akaandika: ukurasa wa kumi na tisa, mstari wa tano. Akaupiga mstari chini yake kwa rula, akaigeuza miwani kwenye mwanga wa dirisha aone kama ina vumbi, akaendelea kupanda.